Mgeni Yuko Kwenye Kiatu

Baba watoto,

Nimekupigia, kumbe simu umeiacha kitandani. Nampeleka kitindamimba wako hospitali, ameumwa na nge. Jirani anawasha gari.

Kung'uta kila kiatu kabla hujavaa, hata kandambili. Lile bakuli la bluu mlangoni usiliguse. Nge yuko chini yake, mzima.

Asubuhi dada mtu alipiga kelele, "Mgeni yuko kwenye kiatu!" Si ndivyo ulivyotufundisha? Eti tukisema nge, mtoto ataliogopa hili jangwa lako. Haya, hakuogopa. Alikwenda kumpa mgeni mkono.

Kidole kimevimba, jasho linamtoka. Shangazi yako alishika wembe eti amchanje sumu itoke, nikamnyang'anya. Akinuna, mbembeleze wewe.

~~Kaa huko huko na wageni wako.~~

Njoo hospitali, njoo mbio. Wali uko kwenye sufuria, wakubwa wale. Na kuanzia leo humu ndani nge anaitwa nge.

Honi hiyo, natoka. Mwanao analia hapa begani, ananiuliza yeye alimkosea nini mgeni. Njoo umjibu mwenyewe.

Mama watoto