Mlingoti Uliofungwa kama Mgomba

Alhamisi, Bomeni

Umeinama tena! Tanga lilishika upepo kidogo tu hapa uani, mlingoti ukaenda mbele kama mlevi. Nilitupa koleo kwa hasira, kuku wakatawanyika. Jumamosi tunaishusha mashua hii niliyoiunda Ziwa Jipe, kwenye viboko, na mimi sijui kuogelea vizuri. Hilo sijamwambia mtu.

Wakesho, mke wangu, alikuwa mlangoni akichambua mchicha.

"Baba yako angekuwa hai angekucheka," akasema. "Mgomba wenye mkungu hufungwa hivyo?"

Nikaziangalia kamba zangu. Hapa ilipo mashua palikuwa na migomba ya baba. Mkungu ukizidi uzito, tulifunga kamba shingoni mwa mgomba, tukaivuta nyuma, kinyume na upande unaoinamia. "Ushike kwa nyuma," alizoea kusema, "kama unavyomshika shati mtoto anayekimbilia barabarani."

Na mimi kamba za mlingoti nilizifunga kwenye mbavu za mashua, kulia na kushoto, sambamba na mlingoti. Tanga linausukuma mbele, nyuma hakuna kinachoushika! Nikazisogeza nyuma kiasi cha urefu wa mkono, nikakaza. Upepo wa alasiri ukaja, tanga likajaa. Mlingoti ulilia kidogo, ukasimama.

Niliupiga kofi mara mbili, vile baba alivyokuwa akifanya akimaliza kufunga mgomba. Kisha nikageuka, kana kwamba amesimama nyuma yangu, nikasema:

"Baba, umeshika."

Wakesho aliinamia mchicha wake, akajifanya hakusikia.