Ukuta wa Korido

Baba Neema,

Barua huanza na salamu, na wewe ulikuwa mtu wa salamu ndefu mpaka chai inapoa. Leo sikusalimii. Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia, maana kila ninayemfokea ananiambia pole.

Ukuta wa korido unavuja. Nyumba yetu ya Bunju, uliyoijenga miaka yote ile ukikataa hata kununua suruali mpya, imelowa kuanzia mlango wa bafu mpaka chumba cha binti yako. Rangi inabambuka. Fundi bomba alikuja na tindo yake akaniuliza swali dogo tu: mama, bomba limepita wapi? Nikaduwaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Aliyejua ni wewe. Kila Jumamosi, kabla mafundi hawajapiga lipu, ulikuwa unapita na simu unarekodi kuta zikiwa wazi, huku unakohoa kwa vumbi la saruji. "Mama Neema, angalia hapa. Ukitoka mlango wa bafu, usawa wa goti, maji yanapita. Usije ukapigilia msumari." Tukirudi Tegeta tulikopanga, unazihamishia zile video kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye simu, eti zinajaza nafasi. Nilikuambiaga, weka na kwenye flashi. Ukanicheka. Flashi zinapotea, ukasema, kompyuta haina miguu.

Haya, iliota miguu. Msiba ulipokwisha, ndugu zako walikaa kugawa vitu vyako. Nguo zilifuliwa kwanza, kama desturi inavyotaka, ndipo kila mtu akapewa yake. Kompyuta ikaenda kwa kaka yako mkubwa, kwa ajili ya kijana wake wa chuo. Shemeji akasema na yenyewe haitoki hivihivi, lazima isafishwe. Mie nipo kwenye mkeka, kichwa kinanigonga, nikadhani wanakwenda kupangusa vumbi. Jioni akarudi anatabasamu. "Shemeji, imetakata. Humo hamna hata picha moja ya marehemu." Fundi wa kompyuta alikuwa ameipiga windo mpya na kufuta kila kilichokuwemo.

Aliifua, Baba Neema. Aliifua kama shati lako. Wala hakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu siwezi hata kumchukia nikaridhika.

Niliiomba nikaipeleka kwa fundi mwingine pale Tegeta. Akahangaika nayo, akaniambia vitu vipya vimeshakaa juu ya vile vya zamani, hamna kitu. Kisha akauliza, mlikuwa na bekapu, nakala nyingine sehemu nyingine? Nilimwangalia kana kwamba ameniuliza nimemficha wapi mume wa pili.

Wewe! Mtu wa akiba haiozi! Ulikuwa na kufuli la akiba, tairi la akiba, ufunguo wa akiba kwa jirani. Ulilimbikiza saruji stoo mpaka mifuko ikaganda ikawa mawe, na bado ukasema akiba haiozi. Kila kitu ulikiwekea mwenzake. Hizo video peke yake ndizo ulizoziacha mahali pamoja, na mahali penyewe penye nywila uliyoijua peke yako. Ulitegemea nini? Kwamba hutakufa?

Basi fundi bomba akavunja. Nilimwelekeza kulia kwa mlango, maana masikioni mwangu ulisema kulia. Pakavu. Akavunja mbele kidogo, pakavu. Akahamia kushoto, usawa wa goti, na maji yakamrukia usoni. Ilikuwa kushoto. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwako siku unarekodi, nimekushikia mwavuli kwa ajili ya jua, na bado nimekumbuka vibaya. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Fundi, mtu mwenye adabu zake, akatoka nje akajifanya anapokea simu.

Watu wanadhani nililia kwa ajili ya ukuta. Mie bomba ningelitafuta mpaka kesho kutwa. Mle kwenye video ulikuwa unaongea, unacheka, unamtania saidia fundi, unaniita. Neema juzi aliniuliza kama nakumbuka ulivyokuwa unatamka jina lake, maana yeye limeanza kumpotea. Kwenye simu yangu umebaki ujumbe mmoja wa sauti, upo sokoni, unauliza ununue viazi au mihogo. Basi. Mwanaume aliyeongea miaka yote ile bila kupumua, kaniachia swali la viazi.

Ukuta haujazibwa bado. Nilimwambia fundi asubiri. Nikampa Neema simu, nikasimama pale palipobomolewa nikaonyesha kwa kidole: ukitoka mlango wa bafu, kushoto, usawa wa goti, maji yanapita, usije ukapigilia msumari. Tulipoirudia kuisikiliza, nilikuwa nakohoa kwa vumbi lilelile. Neema akaniegemea.

Video hiyo ipo kwenye simu, ipo kwenye flashi kwa dada yangu Kibamba, na ipo kwenye barua pepe ya Neema. Swali lako la viazi lipo pamoja nayo, kila mahali. Nywila zangu mwanao anazijua, na shemeji nimemwambia mbele ya watu kwamba vya kwangu asivifue.

Hasira haijaisha, nikija tutaongea. Kwa sasa lala, mume wangu. Nakuahidi kitu kimoja: siku nami nikiondoka, mtoto wetu hatavunja ukuta kunitafuta.

Mama Neema