Neno "resign"

Kiogoro, Jumatano, 1969

Kumbe nilijifukuza kazi mwenyewe.

Leo kwenye darasa la ngumbaru, mwalimu Kemunto aliandika ubaoni "resign". Nilijibu kwa majivuno, "Ni kutia sahihi tena."

"Hapana, baba. Ni kuacha kazi kwa hiari yako."

Wenzangu walicheka. Mimi niliikumbuka ile karatasi aliyonipa meneja Ijumaa, baada ya miaka kumi na moja ya kumpikia. Niliona neno hilo, nikadhani mkataba unaendelea, nikatia sahihi. Jumatatu nilikuta mpishi mwingine jikoni. Meneja akasema, "Si uliacha mwenyewe, mzee?"

Mke wangu bado anaamini nilionewa. Nitamwambiaje?

Na ile Ijumaa nilimshukuru meneja. Nilimshika mkono kwa mikono miwili, nikamwambia asante kwa Kiingereza.