Ndoo ya Viazi na Geti Dogo

Mama Bhavin, jirani yangu,

Miaka kumi na mmoja sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ya nini, wakati nilikuwa nasimama tu kwenye ua wa miti ya kayaba na kupaza sauti, nawe unaitikia kutoka jikoni ukiwa na unga mikononi? Sasa nikiita, anayeitikia ni mbwa wa nyumba ya tatu. Kwa hiyo nimechukua daftari.

Mlimau wako umezaa mpaka matawi yameinama. Bhavin hajauza nyumba. Watu walianza kumpigia simu kabla hata ya matanga kwisha, wakamkuta ni mkaidi kama mama yake. Huja mwisho wa wiki kutoka Nairobi, anafungua madirisha, kisha anakaa kwenye kiti chako cha barazani. Mimi humpelekea chai. Huwa ananiambia haina sukari ya kutosha, nami hufurahi, maana hayo ni maneno yako.

Lakini nilichokalia kitako kukuandikia ni viazi. Mama Bhavin, mbona hukuniambia?

Tulipohamia hapa, Baba Ciku alileta mavuno yetu ya kwanza kutoka Molo. Nikachukua ndoo ya buluu, nikaijaza viazi vyekundu, vile vikubwa ambavyo mtu hawapi wageni wa kupita tu, nikakuletea mlangoni. Ukaipokea kwa mikono miwili. Ukasema, "Mama Ciku, ndoo mzito sana! Watu takula vizuri." Nilirudi nyumbani nikicheka. Nikamwambia Baba Ciku, huyu mama Kiswahili kimempiga chenga, anataka kusema "tutakula" anasema "watu". Kesho yake ndoo ikarudi imejaa malimau, na juu yake kachori za moto.

Kachori zile nilizipasua moja baada ya nyingine nikitafuta kiazi. Dengu tupu. Nami nikawaza, kumbe ni kweli wanavyosema, Mhindi na jumba lote hili hata kiazi anakibania! Ndiyo, niliwaza hivyo, na nikawasimulia wenzangu kanisani wakacheka. Nisamehe. Halafu kwa huruma zangu, msimu uliofuata nikajaza ndoo mpaka pomoni. Na uliofuata. Kila mavuno unapokea kwa mikono miwili, kila mavuno ni "watu takula vizuri", kila mara ndoo inarudi na malimau. Nikaigeuza sentensi yako kuwa mzaha wa nyumbani kwetu. Nawe ukanilipizia kwa kunicheka ninapoita gari "ngari". Tulikuwa sare.

Kilichotukosanisha ni geti dogo.

Ile njia ya mkato iliyo nyuma ya nyumba zetu, inayoteremka hadi Bondeni, ilikuwa hapo kabla ya ukuta wa mtaa kujengwa, ndiyo maana wajenzi waliacha kigeti. Kina mama wa kufua, watu wa bustani, wapishi, wote hupandia hapo asubuhi. Bila geti hilo wangezunguka mpaka barabara kubwa, mwendo wa karibu saa nzima. Basi blanketi mbili zikapotea kwenye kamba ya mtu, kamati ya mtaa ikaitisha mkutano. Mimi nilikuwa katibu. Niliandika kwa mkono wangu huu: "Watu wanapita ovyo. Geti lifungwe kabisa."

Ulisimama na sari yako ya kijani, ukauliza, "Watu gani? Sema jina."

Ukaanza kuwataja wewe mwenyewe. Mama Akinyi anayefua kwa daktari na jioni anakaanga viazi karai. Mzee Njuguna wa maua. Rehema, mwenye mguu mbaya. Ulikuwa unasimama getini kila asubuhi, kwa hiyo uliwajua, na ulijua mpaka nani mtoto wake ana pumu. Watu walicheka Kiswahili chako. Mimi pia nilicheka, Mama Bhavin. Huyo Mama Akinyi alikuwa amenifulia pia miaka mitatu, nami nikimwita "mathe" tu, bila jina.

Kisha ukaniangalia. Nikainamia daftari la kumbukumbu, maana wewe peke yako katika mtaa mzima ulijua nilikozaliwa. Nilikuambia mwenyewe siku moja tukichambua mbaazi: kwamba wengine nawaambia natoka Molo, lakini Molo ni kwa mume wangu. Mimi ni wa Bondeni, chumba kimoja cha nyumba za kaunsili, na mama yangu alikuwa akipanda njia ile ile kuja kufulia watu nguo. Ungesema neno moja tu siku ile ningeumbuka mbele ya kila mtu, na hoja yangu ingekufa hapo hapo. Hukusema. Ulikaa chini, ukapanga vizuri pindo la sari yako. Jioni yake bakuli lako la mchuzi likaja juu ya ua kama kawaida, nami nikalipokea nikiwa sina pa kuweka macho.

Uamuzi wa mwisho ukaachiwa mkutano uliofuata. Hukuufikia. Moyo ulikusimama kabla ya siku yake.

Siku ya kukuaga nilikuja na nguo nyeusi nikawakuta watu wenu wote wamevaa nyeupe, shemeji yako akanifunika shali nyeupe mabegani. Tukiwa tumekaa, Kiprono askari akaja kuniita kama katibu. Akasema kwenye geti dogo kuna watu, awaruhusu? Nilipofika nikakuta foleni inayoteremka mpaka sioni mwisho wake. Mama Akinyi alikuwa mbele na leso yake safi.

"Tumekuja kwa Mama Viazi," akasema.

"Mama Viazi ni nani?"

Akanitazama kana kwamba nimerogwa. "Si huyu mwenye ameaga! Kila msimu alikuwa anatuita hapa kwa geti, anatugawia ndoo ya viazi. Hata hizi viazi zangu za karai, nilianza na zake."

Niliwafungulia. Nikaenda kwa Bhavin, nikamuuliza pale pale, mama yako alikuwa akigawa viazi vyangu? Maskini, macho mekundu, akatabasamu kidogo. "Aunty, sisi Wajaini kwa dini yetu hatukulangi kitu imetoka chini ya mchanga. Viazi, vitunguu, karoti, hapana. Ukiing'oa unaua mmea yote na vidudu zake. Mum alisema ukijua utaacha kuleta, na watu watakosa."

Watu. Kumbe Kiswahili chako hakikuwa na kasoro. Ulikuwa unaniambia ukweli mlangoni kwako kila msimu, neno kwa neno, na mimi nacheka. Hukunidanganya hata siku moja na hukuniaibisha hata siku moja, na sijui mtu mwingine aliyeweza yote mawili kwangu. Nililia, Mama Bhavin. Nililia kwa kelele, kikwetu, katikati ya watu wenu waliokuwa wamenyamaza.

Mkutano ulipofika waliniambia nisome hoja. Nikasimama. Nikasema siisomi, mimi ni mtu wa Bondeni, na mama yangu alipanda njia hiyo miaka kumi na nne na vidole vilivyochunika kwa sabuni. Wakifunga geti waandike kwenye kumbukumbu kwamba wanamfungia yeye. Mwenyekiti akasema, "Katibu, lakini hukutuambia." Nikasema hapana, sikuwaambia, na hilo ndilo kosa langu. Ciku alikuwa amekaa nyuma. Hata yeye alikuwa hajui. Alikuja akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu alipomaliza shule.

Sitakupambia hadithi. Geti limebaki wazi mchana, jioni linafungwa, na mwisho wa mwaka watalijadili tena. Ukatibu wamempa mwingine. Jirani mmoja sasa akinipita hupandisha kioo cha gari. Lakini ufunguo wameniachia mimi, na asubuhi ni mimi ninayelifungua. Nimeanza kujifunza majina. Sijafika ulipofika wewe, ila Rehema nimempata, na mguu wake nimeuulizia.

Juzi Baba Ciku alileta mavuno. Bhavin akanipa ndoo ya buluu, ilikuwa chini ya sinki lako, imesuguliwa. Nikaijaza, nikapita geti dogo, nikateremka nayo mwenyewe hadi Bondeni. Ni nzito kweli, hukuwa unatania. Niliitua mara nne njiani. Nilipita mbele ya mlango wa chumba chetu cha zamani, umepakwa rangi ya buluu sasa, na sikuinamisha kichwa. Mama Akinyi akaniuliza, "Leo umetumwa na nani?" Nikamwambia vimetoka kwa Mama Bhavin.

Basi, jirani, tuagane hapa juu ya ua kama tulivyozoea, kila mmoja arudi jikoni kwake. Nyumbani kwako, kwa Bhavin, nitaleta maboga, hayo hayatoki chini ya mchanga, nimeshauliza. Ndoo nayo itashuka kila msimu maadamu nina mabega, na nikichoka Ciku ataibeba, nimeshamwonyesha njia.

Watu takula vizuri.

Wako wa upande wa pili wa ua,
Mama Ciku