Kuta za Lojing'i Yetu

Jumatatu, 6 Mei

Nimefagia ua kabla ya chai. Maji tena, yametuama chini ya ukuta wa chumba namba tatu. Nayasukuma, yanarudi. Dahir, mdogo wangu, aliinua ua mwaka jana akaweka taili zinazoinamia ukutani. Taili! Nani alimtuma? Maji ya mvua yalikuwa yakiteremka yenyewe hadi birikani.

Wageni watatu tu, wote wa mifugo, wanangoja soko la Jumatano. Mmoja kalalamikia joto. Joto, ndani ya nyumba hii! Babu aliacha matundu juu ya kila ukuta, upepo wa mto Tana ukipita usiku kucha. Dahir kayaziba yote ili afunge kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe kiko chumba kimoja, na kinakohoa.

Jumanne, 7 Mei

Hooyo, mama yetu, haoni kabisa sasa. Ila nyumba hii anaizunguka peke yake, kiganja ukutani. Kona ya ngazi imelika kwa mabega ya watu, hapo anageuka. Tao la kwanza la baraza, anapata upepo. Tao la tatu, kiti chake. Tangu Dahir apige simiti juu ya chokaa ya zamani, anasitasita. Anasema ukuta umenyamaza. Lakini anafika.

Nyumba hii ikienda, mama yangu hatafika popote. Hilo tu ndilo linaloninyima usingizi. Mengine na yaende.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua kubwa. Fundi Kioko amekuja, akagonga ukuta wa namba tatu kwa nyundo. Unalia kama debe tupu. Kabandua kipande cha simiti: nyuma yake tope. Anasema kuta za mawe na chokaa hutoa jasho, jua likalikausha. Simiti imelifungia ndani. Boriti za dari, zile babu alizoleta kutoka Lamu, zimeoza vichwa. Bisibisi imezama hadi mpini.

Dawa anayo. Weka nguzo, bandua simiti yote, ng'oa taili, subiri kiangazi, rudisha chokaa.

Nimempigia Dahir, Nairobi. "Abaayo, dada yangu, nibandue zawadi ya Hooyo? Watu watanicheka!"

Shida yake ndiyo hiyo, watu. Alikuja siku ya Idi na lori la simiti, akamtunuku mama mbele ya ukoo mzima. Wazee wakamwombea dua. Zawadi iliyoombewa dua na wazee, nani ataibandua? Hapa kwetu hakuna.

Jumapili, 12 Mei

Ma-adeer, ndugu za marehemu baba, wamekaa kikao ghorofani. Mimi nimepika. Nilisimama mlangoni nikasema neno moja la boriti. Nikaambiwa chai imepoa.

Wameamua: ufa uliotokea namba tatu upigwe simiti zaidi. Sikio la kufa halisikii dawa. Mchuzi niliutia pilipili mpaka adeer mkubwa akatokwa machozi. Nilifurahi kidogo. Haikusaidia kitu.

Hooyo ameniuliza wamesema nini. Nikamdanganya kwamba wanafikiria.

Jumatatu, 13 Mei

Wamepiga simiti. Ufa mwingine umetokea pembeni yake.

Jumatano, 15 Mei

Ukuta wa namba tatu umeanguka baada ya adhuhuri. Umechukua dari na nusu ya varanda ya juu. Wageni walikuwa sokoni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Hooyo alikuwa katikati ya ngazi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Upande gani?" Nikamwambia. Akaketi hapohapo kwenye ngazi, vumbi limemjaa kichwani. Nikambeba mgongoni. Ni mwepesi mno.

Watu wa kaunti wamechora alama nyekundu mlangoni. Hakuna kuingia. Nimempigia Dahir. Akamshukuru Mungu, akapumua, akasema basi sasa tutainua ghorofa sita, vioo mbele, lifti. Wallahi nilisikia furaha sautini mwake. Nikamkatia. Nimelia barabarani, tuk-tuk zinapita, watu wananitazama. Watazame.

Ijumaa, 17 Mei

Tingatinga. Sikwenda kuangalia.

Jumatatu, 20 Mei

Fleti ya kupanga, ghorofa ya pili. Safi. Kuta nyororo, nyeupe, pembe zote sawa.

Asubuhi nimemshika Hooyo mkono. Huu mlango. Hiki choo. Hili dirisha. Tukazunguka tena, na tena. Alinifuata vizuri. Akanishukuru, akaniombea dua.

Nimetoka kununua maziwa ya ngamia. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nimemkuta palepale nilipomwacha, mikono mapajani, uso kaelekeza ukutani. Nikamuuliza kama hataki kujaribu kutembea kidogo.

Akasema, "Sala ikifika utanipeleka."

Nimemmiminia maziwa. Amekunywa yote.