Pointi za Kaka Runji

Kanja, Embu
Novemba 2016

Mpendwa Kaka Runji,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na umevaa nguo nzito, maana tunasikia baridi ya huko haina huruma. Sisi tu wazima. Goti la Mama limepunguza kuuma tangu alipoacha kubeba majani ya chai mgongoni. Siku hizi yanapelekwa kituoni na bodaboda. Mjomba Ndwiga yuko salama, na bado anaongea kama mtu aliyepewa maikrofoni. Mimi nimemaliza mtihani wa Kidato cha Tatu, na Hisabati nadhani sikuanguka.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ya Mama hupita mikononi mwa kila mtu, na haya si ya kila mtu. Atakayekuletea ni Dada Ednah wa Nkubu, yule nesi mnayeishi naye mji mmoja. Alikuja likizo kumwona dada yake aliyeolewa Runyenjes, akapita na hapa kwetu.

Kaka, ni kuhusu zile pointi. Krismasi ya kwanza ulituambia nauli ni ghali mno, lakini umegundua kwamba kampuni ya ndege huuza pointi, na mtu akizinunua kidogo kidogo hadi zitoshe, hupata tiketi kwa karibu nusu ya bei. Tulifurahi. Krismasi iliyofuata ulisema hazijatosha. Mwaka huu ukasema zimebaki chache. Mama aliniuliza pointi ni kitu gani, nami nikamwambia, kwa kadiri nilivyoelewa, kwamba ni kama pesa zinazotumika kwenye ndege tu. Akauliza kwa nini mtu mwenye pesa za kawaida azigeuze kwanza ziwe pesa za ndege, badala ya kununua kiti kama watu wengine. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Mwanzoni sikukushuku wewe. Niliishuku kampuni. Jirani yetu Njeru alisema hiyo ni piramidi, upatu wa kitapeli kama ule uliokula pesa zake za kahawa, na kwamba hata matapeli wale walikuwa na ofisi safi na msichana mrembo wa kukaribisha watu. Mjomba Ndwiga alimcheka, akamwambia mtu anayeogopa hata ngazi ya kuezekea nyumba atajua nini juu ya ndege. Kisha Mjomba akatoa uamuzi wake: kama pointi zimebaki chache, kanisa lifanye harambee ya pointi. Ndizi na kuku zipigwe mnada baada ya ibada, kama tulivyofanya ulipokuwa ukienda kusoma huko. Alisema waliokupeleka ndio watakaokurudisha, tena ukiwa na joho la kuhitimu, ili kila mtu alione kwa macho yake.

Basi Dada Ednah alipofika nilimuuliza kama pointi ni za kweli. Alicheka, akasema ni za kweli kabisa, yeye mwenyewe amezinunua. Mara ya kwanza alikuwa nazo nyingi alizopata kwa safari zake, akapungukiwa kidogo tu. Kukawa na ofa, na kiti kinacholipiwa kwa pointi alikuwa ameshakiona, akanunua zilizobaki na nauli ikashuka sana. Mara ya pili alinunua kwa matumaini tu. Alipotafuta kiti cha Desemba hakikuwepo hata kimoja cha pointi. Alipongoja, kampuni ikaongeza idadi ya pointi zinazotakiwa, na kodi zote bado alilipa kwa pesa taslimu. Safari hiyo ilimgharimu kuliko jirani yake wa kiti aliyenunua tiketi ya kawaida. Akaniambia mwenye akili hutafuta kiti kwanza, akajumlisha na kodi, akalinganisha, ndipo akanunua pointi siku hiyo hiyo.

Usiku ule sikulala vizuri, Kaka. Hujawahi kututajia kiti. Hujawahi kututajia tarehe. Mtu anayenunua pointi kila mwaka bila kutafuta kiti, niliona hanunui safari. Ananunua kuchelewa. Kwa hiyo nikaanza kukushuku wewe.

Asubuhi nilimuuliza Dada Ednah kama huwa anakuona, na chuo unamaliza lini. Alikitazama kikombe chake cha chai, akasema hayo nikuulize mwenyewe. Mama alikuwa anachambua maharagwe karibu nasi. Bila kuinua kichwa alisema nisimsumbue mgeni, kwamba yeye mwenyewe anajua yote tangu Pasaka, ingawa hakuniambia aliambiwa na nani. Chuo uliacha mwaka wa pili, na sasa unafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, unawaogesha na kuwalisha. Alisema hakuna pointi. Kuna mtoto anayeogopa watu waliomchangia kuku.

Nilikasirika. Mwaka kesho namaliza Kidato cha Nne, na niliwaza kwamba hakuna atakayetoa hata yai kwa ajili yangu. Nakuambia ukweli ili usisikie kwa mwingine.

Sasa ngoja nikuambie la Jumapili iliyopita, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Mjomba alisimama kanisani kutangaza harambee yake. Kabla hajafika mbali Mama alisimama pia, na goti lake lile, akamwambia akae. Aliwaambia watu wote kwamba mwanawe hakumaliza masomo, kwamba joho halipo, na kwamba asiyeridhika aje nyumbani wazungumze. Ndipo Mzee Ndambiri, aliyekutolea kondoo dume, akauliza kwa ile sauti yake ya mtu asiyesikia vizuri kama huyo kijana huko aliko anakula na kushiba. Mama akasema ndiyo. Mzee akauliza sasa anangoja nini. Watu wakacheka, hata mchungaji. Hakuna aliyemtaja kondoo. Tulipotoka, Mzee alinishika mkono akaniuliza nataka kusomea nini.

Kwa hiyo, Kaka, hakuna tena wa kumkwepa. Kama pointi unazo, tafuta kiti kwanza, ujumlishe na kodi. Kama huna, Dada Ednah anasema mwezi wa pili nauli ya kawaida hushuka sana, na atakaa nawe mtafute pamoja. Usitujibu kuhusu bei. Tutajie tarehe.

Mjomba anakusalimu, ingawa bado amenuna. Njeru anakusalimu na anasisitiza kwamba ni piramidi. Mama nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema nisikuandikie salamu zake zozote, atakusalimia mwenyewe kwa mkono.

Ni mimi dada yako mdogo,
Wambeti