Chupa Nambari Nne

Jumatatu, 3 Februari. Lodwar.

Bomba la chuo limekauka tena. Siku ya tatu. Nafundisha watu kupima maji mahali pasipo na maji. Nilimtuma dereva Ekai mjini akalete mitungi miwili. Tukaanza saa nne badala ya saa mbili.

Zoezi ni lile lile. Nawa kwa sabuni. Choma mdomo wa bomba kwa moto wa spiriti. Acha maji yatiririke kidogo. Fungua chupa, kinga, funga, usiguse ndani. Kila chupa ina kipande cha karatasi chenye dawa. Maji yakiwa na kinyesi, chupa inageuka nyeusi baada ya siku moja au mbili za joto. Joto tunalo. Hilo hatujawahi kupungukiwa.

Wanafunzi kumi na mmoja. Wengi wanapenda kupigwa picha wakiwa wamevaa glavu. Anayependa kazi yenyewe ni Furaha, Mkongomani anayeishi na mama yake kambini Kakuma. Leo hayupo. Karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini haijapigwa muhuri. Wiki ya pili sasa. Msichana anataka kusoma na mtu fulani amekalia muhuri. Atatungoja huko huko Kakuma. Zoezi la leo limempita.

Jumatano, 5 Februari. Kakuma.

Tumefika kabla jua halijawa kali. Visima vitano. Cha nne ndicho kipya, kando ya laga ya Tarach, mto wa mchanga unaojaa msimu wa mvua tu. Paneli za sola, mabomba manne, ukuta uliopakwa rangi ya samawati. Kitafunguliwa rasmi wiki ijayo kwa wageni na hema, ingawa watu wanachota hapo tangu mwezi uliopita. Wenyeji na wakimbizi, foleni moja.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Mama Nakiru. Ana duka dogo karibu na bomba. Alituangalia tukinawa mikono, akatusalimia kwa Kiturkana huku akicheka.

"Ejok, watu ya chupa. Hii maji imewafanya nini mnaichoma moto?"

Furaha alikuwa ametufikia kabla hatujashusha vitu. Nilimpa kisima cha nne. Nami nikajaza chupa ya pili hapo hapo, ya kulinganisha, nikaitia mkobani. Furaha alizunguka kisima chote na daftari lake. Nilimwita mara mbili aje tuondoke. Alinichosha.

Ijumaa, 7 Februari. Lodwar.

Chupa nambari nne ni nyeusi kama lami. Nyingine zote safi.

Ni Furaha. Hakufanya zoezi la Jumatatu. Nimewaambia darasa zima: huu ndio uzembe, mtu mmoja anagusa kwa kidole na kazi ya wote inaharibika. Nimeinua chupa waione. Nimempa sifuri.

Kisha nikampigia simu. Nikamwambia sifuri na sababu yake.

"Sikugusa, Madamu. Niliosha mikono muzuri. Ile mayi njo mubaya."

Kwa Kiswahili chake cha Kongo: maji yenyewe ndiyo mabaya. Nikamwambia wote husema hivyo.

Jumapili, 9 Februari.

Baada ya misa nilimwaga vitu vya mkoba nitafute miwani. Ikatoka chupa yangu ya kulinganisha. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Nyeusi.

Kisima cha nne. Saa ile ile. Niliijaza mimi. Miaka tisa nafundisha kazi hii, na siwezi kusema mikono yangu haijui kushika chupa.

Nilichukua daftari la Furaha katika rundo la yale niliyosahihisha. Ameandika: choo cha wafanyakazi wa ujenzi kiko juu ya kisima, hatua kumi na tano. Simenti inayozunguka kisima imepasuka upande wa choo. Amechora na mchoro. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu: Hukuulizwa.

Nimekaa na hilo neno mchana kutwa. Sikula.

Jumatatu, 10 Februari.

Nilimpelekea mkuu wa idara ripoti na chupa zote mbili. Hakuzigusa. Alisogeza kiti nyuma kana kwamba nimemletea nyoka. Akampigia simu injinia wa mradi wa kisima.

Wakaongea Kiingereza kwa nusu saa. Nilikuwa nimekaa pale pale, wakinitaja kama mtu aliye Nairobi.

Uamuzi: chupa za wanafunzi haziaminiki. Wanafunzi ni wa kujifunza tu. Kisima kilipimwa na wataalamu kilipochimbwa. Niliuliza, kabla ya choo kuchimbwa au baada? Niliambiwa kwamba chuo kinawahitaji watu wa mradi, na kwamba mkataba wangu mwenyewe unaisha Aprili. Kauli hizo mbili zilitoka kwa pumzi moja.

Saa tisa ripoti ikarudi imechapwa upya. Visima vinne. Kile cha nne hakijawahi kuwepo duniani.

Nimetia sahihi.

Naandika tena nijione: nimetia sahihi.

Jumanne, 11 Februari.

Nilifundisha. Somo lilikuwa uaminifu wa data. Limo kwenye ratiba, sikulichagua mimi. Nilitamani ubao unimeze.

Jumatano, 12 Februari.

Furaha amepiga simu asubuhi. Hakunisalimia.

"Batoto batatu ya hapa kwetu banaharisha. Mudogo wangu ni mumoja. Tunamupeleka hospitali. Nilikuwa nakuuliza tu, Madamu, ile mayi tuache ao tusiache?"

Aliniuliza mimi. Baada ya sifuri. Kwa sababu ndiye mwalimu aliyenaye.

Nikamwambia waache leo hii. Maji mengine yoyote wachemshe, hata ya kusukutua mdomo. Nikamwambia chupa yangu pia ilikuwa nyeusi. Nikamwambia kwamba nilijua tangu Jumapili. Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida. Akakata.

Siwezi kuapa kwamba ni maji yale yaliyowafanya watoto waugue. Kuharisha kuna njia nyingi. Lakini nilijua siku tatu na sikufungua mdomo. Nimekasirika, na sijui niigawe vipi hasira hii, wao kiasi gani na mimi kiasi gani.

Nimeandika barua ya kufuta sahihi yangu. Mistari miwili. Nimeiweka juu ya meza ya mkuu wa idara, akisoma gazeti. Alisema nitajuta. Nikamwambia nimeshaanza, tangu juzi.

Ekai amekubali kunipeleka kesho. Hajauliza ni safari ya nani.

Alhamisi, 13 Februari. Kakuma.

Nilianza kwa Mama Nakiru. Nilimweleza yote, pamoja na sahihi. Alinitazama, akatema mate kando.

"Na wewe ni mtu ya hapa. Umezaliwa Nawoitorong."

Ni kweli. Ni kando tu ya Lodwar, na mimi ni Mturkana kama yeye.

Aliita kamati. Wanawake sita na mzee mmoja Msomali anayebeba maji kwa mkokoteni. Furaha akaja, macho mekundu, ametoka hospitalini. Nikamrudishia daftari lake. Injinia naye alikuwepo, akisimamia watu wa hema. Alipoona chupa alikuja mbio.

Akasema yale yale. Mikono michafu ya wanafunzi. Akamnyooshea Furaha kidole, mbele ya watu, kama mwizi. Na mimi nilikuwa nimeshamnyooshea kidole hicho hicho kabla yake. Nilisimama katikati yao. Nikasema kwa sauti kwamba huyu msichana alifanya kazi sawasawa, na aliyekosea ni mimi mwalimu wake.

Mama Nakiru akachukua chupa mpya, akampa injinia.

"Umesema huyu mtoto ameguza. Haya, wewe guza. Mkono yako iko safi, si ndiyo?"

Watu wakacheka. Foleni nzima ilikuwa imesogea. Alikuwa hana pa kutokea. Furaha akamwelekeza, pole pole, hatua kwa hatua: sabuni, moto, acha yatiririke, fungua, kinga, funga. Sauti yake haikutikisika. Hakuwahi kufanya zoezi langu la Jumatatu. Alijifunza wapi? Alikuwa amesoma, basi. Ndivyo watu wanavyojifunza.

Furaha akajaza ya pili kutoka bomba lile lile. Ya tatu tukajaza maji yaliyochemshwa ya Mama Nakiru. Tukaandika majina juu. Zikapangwa kwenye rafu ya duka, kati ya sabuni na majani ya chai, mahali kila mteja anapotazama.

Injinia aliniambia kwa Kiingereza kwamba nimejimaliza. Nilimjibu kwa Kiturkana. Hakuelewa. Wanawake walielewa.

Ijumaa, 14 Februari. Kakuma.

Saa nane mchana chupa mbili zilianza kuwa kijivu. Saa kumi na moja, nyeusi. Ya injinia ndiyo iliyotangulia. Ile ya maji yaliyochemshwa safi kabisa.

Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake waliingia dukani wawili wawili, wakatazama, wakatoka. Mmoja alimwaga mtungi wake mzima mchangani, akarudi nyumbani na mtungi mtupu kichwani. Katika nchi hii. Maji mchangani.

Jumamosi, 15 Februari.

Hema lilijaa. Meza ya wageni ilikuwa na kitambaa cheupe na chupa za maji ya dukani, baridi, moja kwa kila mgeni. Maji ya kisima hayakuwekwa. Hawakuthubutu, au hawakuwahi kufikiria kuyanywa. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Mama Nakiru alipitia katikati ya hotuba akiwa na shanga zake zote shingoni. Akaweka ile chupa nyeusi ya injinia mezani, kando ya chupa za wageni. Akasema hii ndiyo yetu. Akarudi kukaa.

Mgeni mkuu akauliza ni nini. Injinia akaanza. Mgeni akamkatiza, akasema anataka kusikia kutoka kwa aliyepima. Furaha akasimama na daftari lake. Akasoma hatua kumi na tano. Akasoma ufa wa simenti. Kisha akawapeleka kukiona choo, na viatu vyao vizuri.

Utepe haukukatwa. Kamati ilifunga bomba kwa mnyororo kabla ya jioni. Kwa sasa wanachota kisima cha tatu, mwendo wa saa nzima. Hawakushangilia. Nani ashangilie kupoteza maji?

Jumatano, 19 Februari. Lodwar.

Barua. Mkataba hautaongezwa. Sababu: kwenda kazini nje ya kituo bila idhini. Imeandikwa vizuri sana. Wanajua kuandika wakitaka.

Darasani nilisimama nikawaambia wanafunzi kuhusu ile sifuri. Nikaifuta mbele yao. Kijana mmoja akauliza kama Furaha anajua. Nikasema nitamwambia mwenyewe. Muhuri wake bado.

Jumamosi, 1 Machi. Kakuma.

Choo kimefukuliwa na kufukiwa. Simenti imemwagwa upya. Kisima kimetiwa dawa na kupimwa mara mbili, kamati ikishuhudia. Safi. Kimefunguliwa bila hema.

Alasiri nilikwenda kwao Furaha. Mdogo wake alikuwa ametoka hospitalini, mwembamba, akifukuza kuku. Nilimwambia Furaha nililokuja kusema. Sikulipamba. Alisikiliza akitazama chini, akasema, "Ndiyo, Madamu." Basi. Hakutabasamu, na sikustahili atabasamu.

Mama yake akatoka nje, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaniletea kiti. Akamuuliza binti yake huyu mgeni ni nani.

Furaha aliinua macho.

"Huyu njo mwalimu yangu," akasema.